Nilisha Vunja Disque, Inabaki Nini?

Banc yetu iko Muhungu, hapa Bukavu, pale barabara inapinda kabla ya kushuka, chini ya ukuta wa mutu mumoja aliyejenga ukuta kwanza, kisha akaenda Canada kutafuta nyumba ya kuweka ndani. Ni ubao wa libuyu juu ya bloc mbili za ciment. Kila asubuhi Maman Agathe anatua pale Thermos zake za kahawa ya kutoka Miti, yenye tangawizi, na sisi tunatua diplômes zetu. Kuna Papa Constantin, jina lake la banc ni Procureur: alikuwa greffier, mwandishi wa kesi, kwenye tribunal mpaka retraite, na hata leo hawezi kuomba sukari bila kutaja article ya sheria. Kuna Guy Batterie, anatengeneza panneaux solaires za umeme wa jua, na kwake ugonjwa wote wa dunia, hata talaka, ni batterie. Kuna Élie, tunamuita Monseigneur, anaimba basse, ile sauti nzito, kwenye chorale ya paroisse na iko na sala ya kila kitu, hata ya pneu iliyotoboka. Na kuna mimi, Jean-de-Dieu, licencié en informatique de gestion, avec distinction s'il vous plaît. Mimi banc ilinibatiza Craie, ni kusema chaki, juu siku moja nilifanya kosa la kusema ukweli mbele ya watu: kwamba miaka yote ya université, serveur tulikuwa tunachorewa kwa craie. Assistant anachora carré, pembe ine, kwenye tableau, anaandika ndani SERVEUR, anapanguza mikono. Sisi tunachora carré kwenye cahier. Siku ya examen, carré yangu ilikuwa nyoofu kushinda ya promotion nzima. Njo ile distinction.

Basi asubuhi ile nilifika nimevaa chemise ya mikono mirefu.

— Ah! Craie leo iko na col, Guy alisema. Nani alikufa?

— Hakuna mutu alikufa. Niko na contrat.

Kahawa ikasimama kooni kwa watu watatu. Kwenye banc yetu neno contrat linasikika sawa vile neno dinosaure: tunajua ilikuwako, tuliisoma shuleni.

— À durée déterminée ao indéterminée, ya muda ao ya milele? Procureur aliuliza.

— Ya leo.

— Kwa hiyo très déterminée.

Nikawaeleza polepole, sawa mutu anayekula nyama mbele ya wenye njaa. Ile centre ya kule chini, pale watu walikuwa wanapimiwa damu bure na kupewa dawa bila kuulizwa kabila wala paroisse, bailleur, mwenye kuilipia, alirudi kwao, ikafungwa. Meza ziliuzwa, viti viliuzwa, hata rideaux za madirisha. Ilibaki serveur, ile ordinateur kubwa iliyokuwa inalinda dossiers zote. Commerçant mumoja wa Luhwindja, mwenye comptoir ya dhahabu, ameinunua, na gari yake inapita kuibeba. Lakini kabla haijatoka, mutu wa diplôme anapashwa kusaini attestation kwamba ndani hamuna tena kitu. Papa Ignace, logisticien aliyebaki na funguo, akatafuta mutu wa diplôme. Kwa mara ya kwanza katika historia ya muji huu diplôme ilitafutwa, na ikakutwa nyumbani, imelala.

— Na kazi uliifanya? Monseigneur aliuliza.

— Jana. Nilitoa disque zote, zile zinazolinda maandishi, nikazipanga chini, nikazipiga nyundo mpaka zikawa unga.

— Nyundo! Guy alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Wazazi wanauza ng'ombe, mutoto anasoma miaka na miaka, ili apige nyundo! Si ungeenda moja kwa moja kwa bamama wanaovunja mawe? Kule wangekupa hata expérience.

— Ni nyundo ya méthode, nilijibu. Kuna namna ya kushika.

— Tika, ndeko, acha tu. Tuliona wenye méthode.

Procureur aliinua kidole, kile kidole chake cha tribunal.

— Ndani mulikuwa nini, exactement?

— Majina. Jina, quartier, na damu ilisema nini.

Banc ikapunguza sauti peke yake, sawa radio yenye pile inakufa. Procureur akatazama upande wa ziwa, na lac kwenye ile kona haionekani. Guy akaanza kutafuta kitu ndani ya mufuko ambao tunajua wote haunaka kitu. Monseigneur akakohoa, kwa basse.

— Mimi si juu yangu, Procureur alisema. Niko na beau-frère, shemeji.

— Mimi ni jirani, Guy alisema haraka. Jirani tu. Iko na wasiwasi sana, ile jirani.

— Kwenye chorale kuna ténor mumoja… Monseigneur alianza, na akaishia hapo.

— Basi walale vizuri, nilisema, beau-frère, jirani na ténor. Disque nilisha vunja.

Ningenyamaza hapo, leo CV yangu ingekuwa na kitu. Kwa sasa iko na page mbili: ya kwanza ni majina yangu, ya pili ni langues parlées, lugha ninazoongea. Lakini mutu aliyekaa sana bila kazi, akipata kazi ya siku moja anapashwa kuieleza siku mbili. Nikatoa téléphone.

— Kuna kashida kamoja tu, kadogo. Asubuhi niliiwasha, ili nipige photo ya écran, kioo chake, kiko kitupu, kwa dossier. Badala ya kuwa tupu, ikaandika maneno. Nikatafuta papier ya wenye kuitengeneza, nikamaliza mégas zangu zote. Wanasema disque haiko mahali pekee. Serveur iko na mémoire zingine, zimeshonwa kwenye carte yenyewe, ule ubao wa ndani, na kila moja inasahau kwa namna yake.

— Kila moja inasahau kwa namna yake, Procureur alirudilia, macho yakimetameta. Kabisa sawa témoins.

— Ya kwanza ni barrettes. Hizo zinakumbuka tu kama courant, umeme, iko. Courant ikienda, zinasahau yote.

— Mais kazi ilikwisha zamani! Guy alipiga paja. Hapa kwetu courant inaenda mara ngapi? Machine ya Bukavu haiwezi kukumbuka hata jina la mama yake!

— C'est logique, Procureur alisema. Bazungu wanalipa watu wa kuwafutia. Sisi tunafutiwa bure kila jioni. Wazee walisema: baada ya dhiki, faraja. Dhiki ni délestage, kukatiwa umeme; faraja ni effacement, kufutiwa.

— Wazee hawakuwa na délestage, Papa Constantin.

— Walikuwa na dhiki. Inatosha.

— Ya pili, niliendelea, ni pile. Kadogo, ka mviringo, sawa kidonge. Hata ukichomoa fil zote, yenyewe inaendelea kulisha kipande kimoja cha mémoire.

Guy alisimama. Kutaja pile mbele ya Guy ni kutaja arbitre wa mpira mbele ya supporters.

— Muniache niongee! Watu banaamini batterie inalinda courant. Hapana! Batterie inalinda tabia. Niliuzia mutu wa Mumosho batterie iliyokuwa kwa padri. Mwezi muzima radio yake ilikuwa inajiwasha peke yake mbele ya jua kutoka. Juu ya nini? Batterie ilikuwa imezoea misa!

— Radio yake iko na réveil, saa ya kuamusha, nilisema.

— Réveil njo jina unaita wewe wa craie. Mimi nasema: muchukue ile pile, muifunge kwenye ampoule ya taa. Majina yatatoka yote sawa mwangaza.

— Na jirani akisoma ile mwangaza? Procureur aliuliza, uso mukavu.

Guy akafikiri. Alifikiri kweli, na hiyo njo inaumiza kuliko théorie yenyewe.

— Tutafunga madirisha, alisema.

Maman Agathe alikuwa anatumiminia. Yeye kwa kawaida haingiliaki mabishano yetu. Anasema kichwa cha mwenye kuuza kahawa ni kwa kuhesabu vikombe.

— Na ile pile, mutoto wangu, aliniuliza bila kuinua macho, inalinda jina la mutu mpaka lini?

— Hailindi majina, maman. Inalinda saa na tarehe, na namna ya kuamka. Niliitoa. Ilisha sahau.

— Bon, alisema, na akanijazia kikombe mpaka juu.

— Ya tatu ni puces za flash, vidude vidogo vyeusi. Hizo, hata bila courant, hata bila pile, zinabaki na kitu yao.

— Bila kula na bila kunywa? Monseigneur aliuliza.

— Bila kitu.

— Nyamuzinda, Mungu wetu! Hiyo haiko puce. Hiyo ni pepo.

Akasogea karibu, akashusha sauti mpaka mbao za banc zikatetemeka.

— Siku ya kufungua ile centre nilikuwako. Niliimba. Abbé, padri wa paroisse, alibariki mulango, akabariki microscope, akafika kwenye serveur, akainyunyizia maji ya baraka. Nyingi. Zikaingia kwenye matundu.

— Kumbe ni ninyi! nilisema. Papa Ignace aliniambia tangu siku ya kwanza ilikuwa inajizima.

— Ilikuwa inapambana. Yule abbé alikuwa na haraka, kulikuwa bière ya inauguration. Sasa tupeleke ndoo nzima, tuimalizie.

— Itaungua.

— Iungue katika neema! Wazee walisema: maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.

— Hiyo ni kwa mutu, si kwa serveur.

— Serveur haina nguo? Na jana uliivua nini, wewe?

Mimi, licencié avec distinction, niliangalia chini. Nikajifanya ninasoma téléphone.

— Zile puces zingine zinalinda tu programme ya kuamusha machine, hamuna watu mule. Lakini kuna moja ni sawa machine ndogo ndani ya machine kubwa. Kubwa ikilala, ndogo inabaki macho, ikipata tu fil kwenye prise. Inaandika nani aliingia, saa ngapi, alitokea wapi.

Procureur alitua kikombe chake. Uso wake ulikuwa wa mutu aliyeonyeshwa photo ya marehemu baba yake.

— Greffier, alisema taratibu. Wameweka greffier ndani.

— Tunaweza sema hivyo.

— Basi hii ni matière yangu, munyamaze. Kila écriture iko na délai, muda wake. Délai ikipita, kuna prescription, haina tena nguvu. Tunaandika jugement déclaratif de décès, hukumu ya kusema imekufa. Tunasimama mbele ya machine, wakubwa wawili na témoin mumoja, tunaisomea kwa sauti. Isipofanya appel, rufaa, imefutika kwa sheria.

— Na ikifanya appel? Guy aliuliza.

— Ifanye! Dossier itaenda Cour d'appel, na kule, kijana, hata machine inasahau ilikuwa inadai nini.

— Papa Constantin, nilisema, kuna menu ya kuirudisha sawa ilivyotoka usine, kiwandani. Niliingia, nikakubali, ikafutika.

— Bila jugement?

— Bila.

— Vice de procédure, kosa la utaratibu, alisema, na akageuza uso. Nilimuumiza.

Monseigneur ndiye aliyehesabu, juu yeye anakumbukaka couplets za nyimbo.

— Barrettes zilisahau. Pile ulitoa. Pepo na greffier ulisha wamaliza. Disque ni unga. Inabaki nini?

Hapo nilipashwa kunyamaza mara ya pili. Lakini chemise ya mikono mirefu inampa mutu kiburi.

— Inabaki kitu kimoja. Kuna carte ingine, kati ya machine na disque, inayogawia disque kazi. Iko na mufuko wake. Kila kitu unachoandika kinapita kwanza ndani ya ule mufuko, kisha kinashuka kwenye disque. Courant ikikatika katikati, mufuko unafunga mudomo, unalinda vile vitu mpaka disque irudi.

— Irudi lini?

— Papier haisemi lini. Inangoja.

— Na siku ya mwisho, Procureur aliuliza (kiburi chake kilikuwa kimerudi na kidole pia), hii machine ilizimwa namna gani?

— Sawa vile kila kitu kinazimwa hapa. Haikuzimwa. Courant ilienda. Onduleur, ile inayoshikilia umeme ukikatika, ilikufa zamani. Papa Ignace anasema katika maisha yake yote hakuna mutu hata mumoja aliyewahi kuiambia bonne nuit, lala salama.

— Kwa hiyo ilikuwa na kitu mufukoni.

— Njo yale maneno niliona asubuhi kwenye écran. Inasema: disque zangu sizioni, lakini vitu vyao niko navyo, nimevilinda.

— Na disque ni…

— Unga.

Walinitazama. Nilijitazama pia, kwa ndani, na sikuona mutu wa maana.

— Mais ile ni mujane! Monseigneur alilia. Craie, ulimuua bwana yake kwa nyundo, na hakuna mutu aliyemupelekea habari! Iko mule inamungojea na chakula chake, imefunika. Hautafuta kitu pale kama haukukaa matanga. Tuende na chorale, tumuambie kwa heshima: mama, bwana hatarudi. Tulie naye. Kisha tufanye levée de deuil, tumutoe nguo nyeusi.

— Iko nyeusi tangu usine, Guy alisema. Sikia, dawa ni kumupa bwana mwingine. Tutafute disque ya Chine, mupya. Mujane akiona kijana, atamumwagia vyote, kisha tunamupiga nyundo yule pia.

— Mujane hachukuliwi bila conseil de famille! Procureur alirudi na nguvu zote. Tunapashwa kuita wakubwa wa carte. Na nani atasimamia upande wa disque?

— Mimi, Guy alisema. Nitakuwa bajomba.

Tulikuwa tunachagua mbuzi wa dot, wa mahari, wakati téléphone yangu iliita. Papa Ignace. Gari ya Luhwindja ilikuwa imefika, chauffeur anapiga klaxon, commerçant mwenyewe iko ndani. Ninasaini ao sisaini? Nikamuambia dakika chache. Attestation ilikuwa ndani ya mufuko wa chemise, imekunjwa. Nikaikunjua juu ya goti. Karatasi moja, jina langu lilisha andikwa kwa machine, na mbele ya jina zile herufi Ir, za ingénieur, nilizokuwa ninazitafuta tangu collation des grades, siku ya kupewa diplôme.

— Saini, Procureur alisema.

— Na ule mufuko?

— Papier inasema nini? Soma.

— "À ma connaissance, l'appareil ne contient plus aucune donnée." Ni kusema: kwa vile ninajua mimi, machine haina tena kitu ndani.

— À ma connaissance! Umeona? Connaissance yako tunaijua, ni ya craie. Kwa hiyo haiko uongo.

— Tena Luhwindja, Guy alisema, nani atajua kufungua ule mufuko kama wewe wa diplôme haujui?

— Kijana wa comptoir anayejua, nilisema. Mutu mumoja tu anayejua.

— Basi ni mavi ya kale, Monseigneur alisema. Hayanuki.

Nitasema ukweli, Bic ilikuwa tayari imegusa karatasi. Nilijiambia yale mutu anajiambia: ndani ya ule mufuko mutakuwa nini? Ya dakika ya mwisho tu. Mutu mumoja, wawili. Na mimi nina miaka mingapi niko kwenye ubao wa libuyu? Inchi hii haikuwahi kuniuliza kitu. Leo inaniuliza saini, nikatae? Kwa ajili ya ténor?

Njo hapo yule mwanamuke alifika. Alikuwa amepanda toka chini bila kusimama, parapluie, mwavuli wake, mukononi, pumzi juu. Alisalimia kila mutu kwa zamu yake: bonjour papa, bonjour papa, bonjour maman.

— Balisema informaticien wa centre anakaaka hapa.

Vidole vyote vikanielekea.

— Njo huyu, maman, Procureur alisema. Monsieur l'ingénieur.

— Papa, mimi ni Mélanie. Nilikuwa ninatwaa dawa kule centre, mimi na mutoto wangu.

Alisema vile tu, barabarani, kwa sauti ya mutu anayeuliza bei ya samaki ya sambaza. Beau-frère, jirani na ténor wakatazama viatu vyao.

— Mimi watu wanajua, aliendelea. Nilisha sema mwenyewe, sina tena wa kuogopa. Lakini mutoto wangu iko kwenye cinquième primaire, mwaka wa tano, hajajua ile dawa ni ya nini. Nataka aisikie kwangu. Ninaitafutia siku. Sasa leo ninasikia ile ordinateur inaenda Luhwindja. Papa, baba yake ni wa Luhwindja. Kule mutu hawezi kukohoa bila shangazi kujua.

— Disque nilisha vunja, maman, nilisema.

— Papa Ignace aliniambia. Aksanti. Lakini sisi tulikuwa wa mwisho kuandikwa. Infirmière, muuguzi, alipiga jina la mutoto kwenye machine, akapiga na matokeo, na courant ikaenda palepale. Alisema, sijui kama ilishika, murudi kesho. Kesho tulikuta cadenas, kufuli, mulangoni.

Akabadilisha parapluie mukono.

— Nauliza tu. Jina la mutoto wangu lilisha toka mule, ao liko bado?

Nilimutazama Procureur: hakuwa na article. Guy alikuwa na mudomo wazi na hakuna batterie iliyotoka. Monseigneur, mwenye sala ya pneu, alikuwa anasugua kofia yake. Maman Agathe alikuwa ameshika Thermos hewani, hamimini. Wakanitazama wote, juu kwenye banc ile mimi njo nilikuwa na karatasi.

— Sijui, maman.

— Hujui?

— Sijui. Kuna mufuko mumoja sikuufungua. Kama kuna jina lilibaki, ni mule. Na kama kuna jina mule, sawa vile umesema, ni la mutoto wako.

— Lakini si wewe njo ulisoma?

— Njo mimi.

— Na ile papier unataka kusaini inasema nini?

— Inasema ninajua.

Hakunitukana. Angenitukana ningejitetea, kujitetea ninajua, niko na vitenzi vya lugha ine. Alingoja, sawa mutu anayeamini jibu litakuja tu, juu aliuliza mutu wa haki. Nikafunga Bic. Nikapiga Papa Ignace.

— Papa Ignace, sisaini. Machine haitoki.

Alichojibu kilisikika mpaka kwa Canada ya mwenye ukuta. Kwamba commerçant anaondoka na hatarudi. Kwamba kulikuwa vijana kumi wa kusaini, alinichagua mimi kwa huruma. Kwamba contrat imekwisha, nisimupigie tena.

— Sawa, papa. Lakini muache mulango wazi, niko nashuka. Kuna kitu sijamaliza.

Nikarudisha téléphone mufukoni. Nilikuwa tena mutu bila kazi. Haikuniletea shida, ni kazi niliyo na expérience nayo.

— Kuna namna ya kukitoa? Mélanie aliuliza.

— Papier inasema kuna. Unaingia kwenye menu ya ile carte, unaiambia disque hazitarudi tena, itupe vilivyo mufukoni. Itauliza kama uko na hakika. Unasema ndiyo.

— Matanga, Monseigneur alinong'ona. Njo nilisema.

— Ulisha ifanya siku moja? Mélanie aliniuliza.

— Hapana, maman. Hata kwa craie. Na inaomba courant, na courant ilienda tangu saa tatu.

— Courant ninaleta mimi, Guy alisema. Alikuwa amesimama zamani. Niko na batterie na convertisseur ya kugeuza umeme pale atelier. Ni juu ya jirani, aliongeza, na hakuna mutu alikuwa amemuuliza.

— Kutakuwa haja ya constat, Procureur alisema, akijinyoosha kiuno. Mutu wa sheria anapashwa kuona kwa macho yake kwamba imeondoka. Beau-frère atataka kujua.

Monseigneur hakutaja ténor. Alivaa kofia yake tu, akatangulia.

Tulianza kuteremka, Mélanie katikati, mimi mbele na chemise yangu ya mikono mirefu, jasho tupu, nikirudilia menu kichwani sawa mutu wa examen. Nyuma yetu nilisikia vikombe. Nikageuka. Maman Agathe alikuwa anavifunga ndani ya kitambaa, na Thermos moja ilikuwa bado nzito, kahawa ya wateja wa saa ine haijaguswa. Akaiacha pale juu ya ubao. Akajifunga kitenge vizuri, akateremka nyuma yetu, polepole, bila kusema anaenda juu ya nani.

Na sisi, wenye midomo ya kuhoji mpaka batterie ya padri, hakuna aliyemuuliza.